Swali la Lugha: Negativu husafishwa, huchapwa au huchapishwa?

Msomaji wa Tanga anaandika: "Mwalimu, shikamoo. Marehemu baba alikuwa na studio ya picha, ametuachia maboksi ya negativu, zile filamu za kutolea picha, nyingi za nyeusi na nyeupe. Nimenunua skana na printa ya wino, natoa picha nyumbani, na majirani wameanza kuleta za kwao. Sasa nataka kuweka kibao. Mimi nimeandika 'Tunasafisha picha za zamani'. Mdogo wangu anasema hapa hakuna kinachosafishwa, hakuna maji wala dawa, niandike 'Tunachapisha picha hasi nyeusi na nyeupe', ndicho Kiswahili sanifu. Nani yuko sahihi? Na kuskani tukuite nini?"

Marahaba, na Mungu amrehemu mzee. Kibao cha mdogo wako kina maneno sita, na mawili kati yake yatakugombanisha na majirani. Nitaanza na hayo, kisha nirudi kwenye chako, ambacho nacho kina kasoro ingawa ni ya namna nyingine.

La kwanza ni hasi. Hasi na mwenzake chanya ni maneno ya darasani. Namba hasi, chaji hasi, ncha hasi ya betri: huko yamekaa vizuri na hakuna anayebabaika. Yakitoka darasani kwenda magazetini hugeuka. Tunasoma "mtazamo hasi", "matokeo hasi", na kila wiki mtu analalamika kwamba habari fulani "inajenga picha hasi" ya mji wake au ya timu yake. Picha hasi, katika Kiswahili cha leo, ni sifa mbaya. Mama akisoma kwamba unachapisha picha hasi za familia, ataelewa kuwa unawaanika watu. Na kule kwa wafugaji kuna kitenzi kuhasi, kinachowahusu fahali na beberu, ambacho sidhani kama unakitaka karibu na harusi za watu.

John Herschel, mwanasayansi wa Uingereza aliyeingiza maneno hayo mawili, kwa Kiingereza negative na positive, katika upigaji picha mwaka 1840, alikuwa anataja mwanga uliokaa kinyume: kanzu nyeupe imetoka nyeusi, ukuta wenye kivuli umebaki mwangavu. Maana hiyo wapigapicha wetu walishaipa jina, nalo ni negativu. Limezoeleka, linaandikika, linaingia katika ngeli ya picha na kamera bila shida: negativu hii imekwaruzika, negativu hizi zimekwaruzika. Manegativu utayasikia sana mitaani, kama tunavyosikia makamera na mapicha, nami siyakatazi katika mazungumzo. Kwenye kibao na kwenye risiti andika negativu.

Neno la pili ni tunachapisha, na hili ni zito kuliko la kwanza. Kuchapa, au kupiga chapa kama walivyosema wakubwa zetu na kama anavyoitwa hadi leo Mpigachapa Mkuu wa Serikali, ni kazi ya wino kukutana na karatasi. Kuchapisha kumebeba kiambishi cha kusababisha: ni kufanya kitu kichapwe, na kwa mazoea ya miaka mingi ni kukitoa hadharani ili umma ukisome. Mwandishi huandika, kiwanda huchapa, mchapishaji huchapisha. Kompyuta ndizo zilizotuvuruga. Katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili utakuta kitufe cha kutoa karatasi kwenye printa kimeandikwa Chapisha, na kitufe cha kuweka maneno yako mtandaoni kimeandikwa Chapisha vilevile.

Kwako hilo si suala la mtindo wa maneno tu. Jirani akisaini risiti yenye sentensi "Naruhusu picha zangu zichapishwe", amekuruhusu nini? Wewe unaona karatasi mbili za kuning'iniza sebuleni kwake. Yeye kesho akiziona picha za posa ya mama yake kwenye ukurasa wako wa mtandao, utamjibu kwamba alisaini, na kwa Kiswahili utakuwa na hoja. Kwa karatasi tumia kuchapa au, kama wanavyosema watu wengi, kutoa picha. Kuchapisha kuache kwa ajili ya gazeti, kitabu na mtandao.

Kuprinti je? Ni Kiswahili cha kila siku, kinanyambulika bila kugoma: niprintie, imeprintiwa, inaprintika. Mimi mwenyewe nakisema dukani, ila kwenye maandishi nachagua kuchapa, kwa kuwa tunalo. Hoja pekee dhidi ya kuchapa ni kwamba watoto huchapwa pia, na sijaona mtu aliyechanganya fimbo na printa.

Sasa kibao chako. Kusafisha picha ni msemo mzuri na una historia ya kueleweka. Studio za zamani, mfano Capital Art ambayo Ranchhod Oza aliifungua Zanzibar mwaka 1930, zilifanya kazi hii kwenye chumba cha giza na ndani ya beseni. Filamu iliingia kwenye dawa ya kutokeza picha, ikaingia kwenye fiksa ili ile chumvi ya fedha ambayo haikupigwa na mwanga iondoke, kisha ikaoshwa kwa maji kwa muda mrefu, kwa sababu mabaki ya fiksa huila picha baada ya miaka. Karatasi ya picha nayo ilipitia safari hiyohiyo. Mteja alipoambiwa "picha zako bado zinasafishwa" hakudanganywa: zilikuwa majini. Kenya wengi husema kuosha picha, na maji yanaonekana waziwazi zaidi.

Maji yalipoondoka, kitenzi kilibaki. Kijana anayepeleka simu yake dukani leo husema anakwenda kusafisha picha, na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo hoja ya mdogo wako kwamba hakuna kinachosafishwa haina nguvu. Lugha haidai maji yarudi ndipo neno liendelee. Tatizo lako ni kwamba kusafisha sasa kunafanya kazi nne. Kuna kusafisha filamu kwa dawa, kusafisha kwa maana ya kutoa picha kwenye karatasi, kusafisha kwa maana ya kufuta madoa na mikunjo kwenye kompyuta, na kusafisha kwenyewe, yaani kupangusa. Ukiandika "Tunasafisha picha za zamani", mmoja ataleta roli ya filamu ambayo haijaingia dawani, mwingine ataleta picha ya babu iliyoliwa na nondo akitaka irudi mpya, na wote watakuwa wamesoma kibao sawasawa.

Tena kwa kazi yako hiyo maana ya nne ndiyo nzito. Skana nyingi za filamu zina taa ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, inayotambua vumbi na kulifuta kimyakimya. Kwa filamu za rangi inasaidia sana. Kwa nyeusi na nyeupe za kawaida inaharibu, kwa kuwa picha yenyewe ni chembe za fedha, na fedha huzuia infraredi kama vumbi linavyoizuia. Mashine hudhani nyusi za bibi harusi ni uchafu. Zima hiyo taa. Kinachobaki ni pampu ya kupulizia, brashi laini, na madoa machache ya kufuta moja moja kwenye skrini. Kwa hiyo ukimwambia mteja "nimezisafisha negativu zako kabla ya kuziskani", umesema Kiswahili safi na umesema kweli.

Nimeshatumia kuskani, na hapo jibu langu mmelipata. Mbadala mnaouona kwenye simu ni kuchanganua. Neno hili limeundwa kwa akili: ni kinyume cha kuchanganya, yaani kutenganisha vilivyochanganyika, na skana kweli huitenganisha picha kuwa nukta nukta. Walimu wa sarufi, hata hivyo, tunachanganua sentensi, mabaraza yanachanganua bajeti, na mteja akiambiwa negativu zake zinachanganuliwa ataogopa hazitarudi. Andika kuskani, kwa k na i, kamwe usiandike kuscan. Mfuatano wa s na k hautudhuru. Tunao katika skrubu, na Zanzibar katika skuli. Unyambuaji unakwenda wenyewe: niskanie hizi, zimeskaniwa, hii imejikunja mno haiskaniki.

Nukta nazo zinahitaji uangalifu. Fremu ya filamu ya milimita 35 ina milimita 24 kwa 36, ndogo kama stempu. Ukiiskani kwa nukta 3,200 kwa inchi unapata nukta zipatazo 4,500 kwa 3,000, na printa ikizipanga nukta 300 kwa inchi, una karatasi ya inchi 15 kwa 10. Kwa hili tuna kitenzi kizuri kisichohitaji mkopo: kukuza. Wapigapicha wamekuwa wakikuza picha tangu enzi za beseni. Pale mteja anaposema "nitolee kubwa", risiti iseme "kukuzwa hadi inchi 10 kwa 15", maana kubwa ya mtu ni ndogo ya mwenzake.

Ugumu mwingine ninaouona ni kugeuza. Negativu ina upande unaong'aa na upande uliofubaa, na uliofubaa ndio wenye dawa. Ukiilaza kinyume kwenye skana, picha inatoka na maandishi ya ukutani yanasomeka kutoka kulia kama barua ya Kiarabu, na saa iliyovaliwa mkono wa kushoto imehamia wa kulia. Hapo unahitaji kugeuza. Lakini kuirudisha nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi nako tunakuita kugeuza. Mkiwa wawili kwenye kazi, "igeuze hiyo" itawapotezea muda. Semeni kugeuza upande na kugeuza rangi, mmalize.

Nakuja kwenye nyeusi na nyeupe, swali ambalo hukuliuliza lakini umelijibu bila kujua. Kwenye barua yako umeandika negativu "nyingi za nyeusi na nyeupe". Mdogo wako ameandika "picha hasi nyeusi na nyeupe". Hiyo "za" yako ina thamani. Kwa picha tofauti haionekani haraka, kwa sababu picha na rangi ziko ngeli moja na upatanisho unafanana. Jaribu nomino nyingine. Mkanda wa filamu utauitaje? Ukisema "mkanda mweusi" umeingia kwenye karate, na "mkanda mweusi na mweupe" ni wa kufungia suruali. Kila mtu husema "mkanda wa nyeusi na nyeupe", kwa kuwa sifa zile zinapatana na neno rangi lililofichwa: mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe. Na picha vilevile: "picha nyeusi na nyeupe" imezoeleka na si kosa, ila "picha za nyeusi na nyeupe" ndiyo inayosimama vizuri mkabala wa "picha za rangi". Kistari cha nyeusi-nyeupe sikihitaji. Blakiwaiti ni ya mdomoni, ibaki huko.

Rangi zenyewe, bila shaka unalijua hili kuliko mimi, nyingi ni kijivu. Printa ya kawaida yenye wino mweusi mmoja hukitengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi nyingine, na ndipo picha inapotoka imeelekea kijani au zambarau. Printa za wapigapicha huongeza wino wa kijivu, moja au mbili za mkozo tofauti, na shida hupungua sana. Wateja watakuja na malalamiko, na Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuyatenganisha kama utawasikiliza. Picha iliyopauka haina weusi wa kutosha tangu mwanzo: ongeza weusi kwenye kompyuta. Iliyofifia ilikuwa sawa, mwanga na miaka vimeidhoofisha: usiitundike mkabala wa dirisha. Iliyochuja wino wake umesambaa au umetoka, na mara nyingi ni maji, au karatasi isiyopatana na wino huo. Iliyokoza mno imepoteza kijivu, suti na nywele zimekuwa kitu kimoja. Mteja akisema tu "mbaya", mwonyeshe maneno haya manne achague.

Printa yenyewe iite printa ya wino, kama ulivyoiita. Ile nyingine hutumia unga na watu huiita ya tona. Ile karatasi inayotoka iite picha. Nakala itumie pale tu unapohesabu: picha moja, nakala tatu.

Kibao basi kiwe hivi: "Tunaskani negativu. Tunatoa na kukuza picha za rangi na za nyeusi na nyeupe." Kama unapokea pia picha zilizochakaa, ongeza "Tunatengeneza picha zilizochakaa", ili aliyeliwa na nondo ajue pa kuja. Na kwenye risiti, juu ya mahali pa kusaini: "Picha zangu zichapwe nakala ___. Siruhusu zichapishwe popote." Atakayeruhusu ataukata mstari wa pili kwa kalamu yake mwenyewe.