Kwa mnaoanza kuchora sura kutoka kwenye picha

Wadogo zangu mnaoingia darasa la sanaa hapa Mtwara, kazi ya kwanza itakayowatoa jasho ni sura ya mtu kwa penseli, kutoka kwenye picha. Wengi hukwama kabla hawajachonga hata penseli, kwa sababu picha yenyewe haifai.

Picha ya pasipoti iacheni. Taa imempiga mtu usoni moja kwa moja, vivuli vimekimbia, pua imebaki matundu mawili. Ya saa sita mchana mwezi Oktoba nayo balaa: huku kwetu jua linakuwa utosini kabisa, macho yanageuka mashimo. Mketishe mtu kando ya dirisha, mwanga umpate ubavuni, umpige picha bila flashi. Kisha ichapishe stesheneri, nyeusi na nyeupe.

Vipimo havina ugomvi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ipige miraba ya sentimita 1. Kwenye karatasi ya A3 piga ya sentimita 2, kwa HB, penseli ya kawaida, mkono mwepesi, maana utaifuta. Kisha nakili mraba kwa mraba. Macho hukaa katikati, baina ya utosi na kidevu. Wanaoanza huyapandisha kwenye paji la uso, sijui kwa nini.

Sasa kivuli. Kope zisubiri. Finya macho mpaka uone sehemu za giza, za kati na za mwanga tu, uzitandaze zote kwa 2B, penseli laini kuliko HB. Hapa vitabu vingi havitusaidii, kwani mifano yake ni Wazungu. Kwa ngozi nyeusi umbo hujitokeza kwenye mng'ao: paji, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, mdomo wa chini. Ukijaza kijivu kimoja uso mzima, mtu anakuwa bapa kama chapati. Tazameni kichwa cha mpingo cha wachongaji wa Kimakonde, mkizungushe dirishani: mti ni mweusi wote, lakini shavu mnaliona. Basi lindeni mng'ao tangu mwanzo, maana karatasi ikishashiba 6B, penseli laini na nyeusi zaidi, haifutiki vizuri.

Kabla ya hiyo 6B, geuzeni picha na mchoro kichwa chini. Jicho lililoshuka litajisema. Ndipo mzamishe mboni, matundu ya pua na nywele, tena nywele kwa mafungu, si moja moja. Msisugue kwa kidole, kina mafuta. Viringisheni karatasi laini, msugue kwa hiyo. Na kwa joto hili la pwani, wekeni karatasi safi chini ya kiganja.