Waulize mafundi: Ford Mustang za 1965 na 1966

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Naishi Houston, na nimeonyeshwa Mustang ya 1965, V8, yenye paa la bati. Mwenye nalo anasema limekarabatiwa lote, na kweli rangi inang'aa. Nikague nini kabla ya kutoa pesa? — Msomaji, Houston

JIBU: Rangi itazame mwisho kabisa. Anza na nambari ya gari, ambayo imegongwa kwenye bati la ndani la mudigadi, upande wa dereva, chini ya boneti. Ikisomeka 5F07C kisha tarakimu sita, 5 ni mwaka 1965, F ni kiwanda cha Dearborn (R ni San Jose, T ni Metuchen), 07 ni paa la bati, 08 ni la turubai na 09 ni fastibeki, yaani paa linaloteremka moja kwa moja hadi nyuma. Herufi inayofuata ndiyo yenye pesa. C ni V8 ya 289 (ujazo wa injini kwa inchi za ujazo) yenye kabureta ya midomo miwili, nguvu za farasi 200. A ni ya midomo minne, 225. K ni 271, na bei yake ni nyingine kabisa. T ni silinda sita.

Ukikuta T na chini ya boneti kuna V8, gari limebadilishwa injini. Hilo si dhambi, ila bei ishuke. Hesabu na nati za gurudumu: silinda sita ilitoka kiwandani na nati nne, V8 na tano. V8 iliyosimama juu ya nati nne huenda bado ina breki na difu za injini ndogo, na kuzibadilisha ni gharama yako.

Sasa maji, na hapa usiwe na haraka. Mbele ya kioo kikubwa kuna matundu ya hewa. Chini yake kuna sanduku la mabati mawili yaliyochomelewa pamoja, linalopeleka hewa ndani na kutoa maji pembeni, nyuma ya mudigadi. Ndani ya sanduku hilo, kila tundu la hewa limezungukwa na shingo fupi ya bati inayozuia maji yasiingie. Majani yakirundikana humo, unyevu haukauki, kutu inakula mzizi wa shingo, na mvua inashukia miguuni kwa dereva na abiria. Kwa nje hakuna dalili yoyote, ndiyo maana magari mengi hupakwa rangi mpya huku sanduku likiwa limeoza.

Inua mazulia. Mtu amwage ndoo ya lita 10 polepole kwenye matundu, upande mmoja kwanza, kisha wa pili, nawe ulale chini ya dashibodi na tochi. Maji yote yanatakiwa yatokee nje, nyuma ya magurudumu ya mbele. Likidondoka hata tone moja ndani, kadiria kazi kubwa: kufungua boneti na mudigadi zote mbili, kutoboa kwa dreli alama za kuchomelea zaidi ya 100, kuinua bati la juu, kuchomelea shingo mpya na kurudishia. Vikombe vya plastiki vinavyogundishwa kwa chini huziba tone, lakini kutu inaendelea kula juu yake. Muuzaji akikataa ndoo isimwagwe, umeshapata jibu.

Malizia kwa sumaku iliyofungwa kitambaa. Ipitishe sehemu za chini za bodi, hasa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Isiposhika, hapo kuna puti, yaani kijazio kilichofunika kutu au tundu. Ndani ya buti, kumbuka kwamba sehemu ya juu ya tangi la petroli ndiyo sakafu yenyewe, kwa hiyo harufu ya petroli ndani ya gari uichukulie kwa uzito.

SWALI: Mustang yangu ya 1966 ina breki za dramu pande zote. Nimeambiwa bomba moja likipasuka breki zote zinakwisha. Ni kweli? — Msomaji, Minneapolis

JIBU: Ni kweli. Masta yake (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) ina chumba kimoja; ya vyumba viwili ilianza na modeli za 1967. Nunua masta ya vyumba viwili ya breki za dramu. Chumba kimoja kipelekee bomba la nyuma moja kwa moja, kingine kiende kwenye kigawanyio cha zamani (kinachogawa mafuta ya breki kwa mabomba), na tundu la nyuma la kigawanyio lizibwe kwa plagi yake. Hakikisha urefu wa fimbo ya pedeli unaendana na pistoni mpya. Ikiwa ndefu mno, breki hazitaachia. Toa hewa kwenye masta ikiwa bado mezani, kisha magurudumu: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Ukipanga kuweka diski mbele baadaye, masta hiyo haitafaa, na utahitaji pia valvu ya kupunguza nguvu ya breki za nyuma.

SWALI: Geji ya petroli na ya joto zote zinapanda hadi mwisho kwa pamoja. Injini haichemki. — Msomaji, Toronto

JIBU: Zikikosea pamoja, usiguse tangi. Nyuma ya dashibodi kuna kidhibiti kidogo kinachokata umeme na kuurudisha mfululizo, hata wastani ukawa kama volti 5. Kikiganda, geji zinapata volti 12 na zitaungua, basi usiendelee kuliendesha. Badilisha kidhibiti, na usafishe mahali kinapogusa bodi. Ingekuwa geji ya petroli peke yake, ungepima kifaa cha ndani ya tangi: takriban omu 73 tangi likiwa tupu, 10 likijaa.

SWALI: Je, petroli isiyo na risasi itaharibu 289 yangu? — Msomaji, Dubai

JIBU: Kwa matembezi ya wikiendi, usifungue injini kwa sababu hiyo tu. Silinda hedi zikija kushushwa kwa kazi nyingine, weka viti vigumu vya valvu za ekzosi, ambavyo havihitaji ulinzi wa risasi. Wasiwasi wako uuhamishie kwenye oili: kemshafti ya injini hii inasugua tapeti bapa, na oili nyingi za magari ya leo zina kidogo zinki inayozilinda zisilike. Tafuta iliyotengenezwa kwa magari ya zamani.