Ekseli ya nyuma ya Land Rover Series III: ivue, izibe, ndipo uipige mchanga

Ndugu wa Mbarara, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama unaweza kuleta ekseli ya nyuma ya Series III yako Kampala ikapigwe mchanga (irushiwe punje kwa hewa ili kutoa kutu na rangi) ikiwa nzima, difu (giya zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ndani, ili kuokoa pesa ya fundi. Pili, kama mchanga wa kawaida wa kujengea unafaa. Kwa yote mawili jibu langu ni hapana. Kazi zangu nazifanyia Ndeeba, hapa Kampala, na ekseli zilizopigwa mchanga zikiwa nzima nimeshazifungua za kutosha.

Tuanze na difu. Sili ya mafuta imetengenezwa kuzuia mafuta yasitoke, haikutengenezwa kuzuia punje zinazosukumwa na upepo wenye mgandamizo wa psi 100. Vumbi linaingia kwenye mdomo wa sili, linaingia kwenye kitundu cha kupumulia kilicho juu ya hauzingi (gamba la nje la ekseli), na kwa nje huoni kitu. Mteja mmoja alinunua ekseli ikiwa imeshapakwa rangi nyeusi inang'aa kama kiatu cha polisi. Haikupita muda ikaanza kulia. Nilipofungua, mafuta yalikuwa ya kijivu, ukiyasugua kati ya vidole yanakwaruza. Beringi za pinioni (giya ndogo ya difu) zilikuwa zimelika, krauni (giya kubwa) nayo imechubuka. Hesabu hapo bei ya difu nzima soko la vipuri la Kisekka, kama utaipata.

Hukusema gari lako ni fupi au refu, na hilo lina maana. Fupi, ile ya inchi 88, ina ekseli ya Rover. Unafungua bolti za kwenye habu, unachomoa hafushafti, vyuma vinavyozungusha magurudumu, pande zote mbili (hata gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa sababu uzito haubebwi na hafushafti), unatoa propela (shafti inayotoka giaboksi kuja difu), kisha nati 10 kwa mbele, difu inatoka nzima mkononi. Habu na stabu ekseli (ncha fupi zinazobeba habu) nazo zitoke, ubaki na hauzingi tupu. Hapo huna cha kuogopa. Refu, ya inchi 109, mara nyingi ina ekseli ya Salisbury, na hiyo ni habari nyingine. Difu yake imejengwa ndani ya hauzingi yenyewe, na kuitoa kunahitaji chombo cha kutanua hauzingi kidogo. Fundi asiye na chombo hicho ataingiza mtaimbo. Usikubali. Kwa Salisbury nzima-nzima, mimi natumia grainda yenye brashi ya waya, kisha dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, napaka rangi. Haitakuwa nzuri kama ya mchanga, lakini difu inabaki salama.

Kabla ya kuipeleka, ioshe mpaka uchoke. Watu wanadhani mchanga utaondoa grisi. Hauondoi, unaitawanya na kuikandamiza ndani ya chuma, halafu rangi inakuja kubanduka vipande vipande. Kwangua tope na grisi, osha kwa mafuta ya taa, kisha maji ya moto na sabuni ya unga, kwa sababu mafuta ya taa nayo yanaacha utando. Mwagia maji safi: yakitandaa sawasawa, iko tayari, yakijikusanya matone-matone, bado kuna mafuta. Usisahau ndani ya mirija, maana mafuta ya miaka hamsini yanajificha kwenye maungio na kuchuruzika nje ukiwa umeshapaka.

Sasa kuziba, ambako mimi natumia muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Tepu peke yake haifai, inatoboka kwa sekunde. Kata bamba la chuma la kufunika mdomo wa difu, weka gaskiti ya zamani chini yake, lifunge kwa nati zilezile. Limelinda uso na nyuzi za stadi (bolti zisizo na kichwa) kwa pamoja. Kwenye ncha mbili, kata duara za bamba, weka raba ya tyubu ya lori chini yake, kisha pitisha chuma kimoja kirefu chenye nyuzi kutoka ncha hadi ncha na ukaze nati pande zote. Raba haikatwi haraka na mchanga, punje zinaigonga na kuruka. Kitundu cha kupumulia weka bolti. Plagi za mafuta ziache mahali pake, za zamani.

Mchanga wa kujengea, huu unaochimbwa Lwera na kwingineko kando ya ziwa, una silika. Vumbi lake likiingia mapafuni linaleta silikosisi, na ugonjwa huo hauna tiba. Uingereza ilipiga marufuku mchanga huo kwa kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949. Sisi bado tunaona vijana wamejifunga fulana usoni. Tafuta mahali wanapotumia garneti (punje za jiwe gumu) au punje za chuma, na mpigaji awe na kofia inayoletewa hewa safi. Wanaotengeneza matangi na trela ndio wenye mashine za namna hiyo. Kompresa ya mtu wa matairi isikudanganye: nozeli ya milimita 6 inakula kama futi za ujazo 80 za hewa kwa dakika, na yake haifiki hata robo.

Omba usafi wa Sa 2½ kwenye kipimo cha usafi wa chuma kilichopigwa mchanga, yaani chuma cheupe chenye vivuli hafifu tu. Ikishafika hapo, zima taa, ingiza tochi ndani na uangalie ule mfuniko wa mviringo wa nyuma. Ukiona vitundu vya mwanga, kutu ilishakula. Chomelea sasa, kisha pale papigwe tena.

Peleka asubuhi ya siku kavu, na praima (rangi ya kwanza) ya epoksi ya vikopo viwili uwe nayo tayari. Unyevu ukizidi asilimia 85 usipake. Kwa hali ya hewa ya Kampala, kuiacha ilale uchi usiku mmoja ni kurudia kazi. Usiishike kwa mikono mitupu. Maungio yapake kwa brashi kwanza, mengine kwa bunduki.

Kabla ya kufunga, igeuze kichwa chini, igonge kwa nyundo ya mbao, puliza, vuta kitambaa chenye dizeli ndani ya mirija mpaka kitoke safi. Sumaku inakamata punje za chuma tu, garneti haiikamati. Pale springi zinapokalia paka rangi nyembamba, la sivyo itabonyea na yubolti (bolti za umbo la U zinazoshika springi) zitalegea. Zikaze tena baada ya kilomita mia chache.

Kama gari lako ni refu, weka hapa picha ya difu kutoka nyuma kabla hujafungua bolti hata moja.