Kabla Hamjang'oa Nanga: Safari ya Mashua na Marafiki kwenye Bahari za Joto

Saa nane usiku nilizinduliwa na mlio wa mnyororo ukikwaruza mwamba. Tulikuwa marafiki sita, usiku wa tatu wa safari ya siku saba, ndani ya mashua ya matanga yenye urefu wa mita 12. Upepo ulikuwa umegeuka, mvua inapiga sitaha, na ile taa ya ufukweni niliyoikariri kabla ya kulala haikuwa tena pale nilipoiacha. Nanga yetu haikuwa imeshika; ilikuwa inaburutwa.

Hakuna aliyeumia, wala mashua haikugusa mwamba. Tuliwasha injini, tukang'oa nanga, tukasogea kwenye kina kikubwa zaidi, tukaitia upya na kukesha kwa zamu hadi alfajiri. Lakini usiku ule ulianza kuharibika tangu mchana. Tulikuwa tumesimama kula kwenye ghuba moja nzuri ajabu, mchanga unaonekana chini ya maji, na kila mtu akataka aogelee mara moja zaidi. Mwenzetu mwenye cheti cha unahodha alijua tunachelewa. Alinyamaza, maana hakutaka kutukatiza raha. Tulifika tulikokusudia kulala jua likizama, tukatupa nanga mahali ambapo hatukuweza kuona kilichoko chini.

Kwa hiyo mtu akiniomba ushauri wa safari kama hii, orodha ya vifaa naiweka kando kwanza. Namwambia akae na wenzake wote, wiki moja au mbili kabla, wakubaliane mambo mawili. La kwanza ni nani nahodha. Tunajua kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa marafiki, mara nyingi tatizo ni chombo kukosa nahodha kabisa, kwa sababu kila mmoja anaona haya kumwamuru mwenzake. Nahodha akisema tunaondoka, mnaondoka, na mjadala unasubiri mpaka nanga ishike. La pili ni kwamba yeyote kati yenu, hata aliyepanda mashua kwa mara ya kwanza maishani, akisema "naogopa" au "nimechoka", mpango unabadilika bila kumsuta. Sisi tulizungumza haya asubuhi ya siku ya nne, macho mekundu kwa kukesha. Siku zilizobaki zilikuwa safari nyingine kabisa, na natamani tungeanza hivyo tangu siku ya kwanza.

Baada ya hapo, pangeni siku kwa kufuata jua. Katika bahari za joto miamba ya matumbawe husomwa kwa macho, na macho huiona vizuri jua likiwa juu na mgongoni kwako, yaani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri hivi. Buluu nzito ni kina. Kijani cheupe ni mchanga usio mbali. Rangi ya kahawia ni matumbawe au majani ya baharini, na hapo usiende mpaka ujue ni lipi kati ya hayo mawili. Mtu mmoja asimame omo, yaani mbele kabisa ya mashua, akiwa amevaa miwani ya kukata mng'ao, amwelekeze aliyeshika usukani kwa mkono, kwa sababu maneno hupotea kwenye upepo. Jua likiwa usoni, maji yote hung'aa kama bati na rangi hizo hazionekani. Tena karibu na ikweta machweo hayangoji: jua likishatua, nusu saa haiishi kabla ya giza kukufunika.

Hesabu ya mwendo ni rahisi, lakini ifanyeni kwa karatasi. Mashua kama yetu huenda noti 5 au 6, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Maili 30 ni saa tano au sita kama upepo uko nyuma au ubavuni. Mkilazimika kupiga bishi dhidi ya upepo, yaani kwenda kombo huku na kule, njia hurefuka sana. Sisi tuliamua kwamba safari yoyote isiyotufikisha kabla ya saa tisa alasiri ni ya kesho.

Kuhusu nanga, kosa letu lilikuwa kutoa mnyororo mchache. Watu hupima kina cha maji wakasahau urefu wa omo kutoka majini na maji yatakayojaa usiku. Chukua kina cha mita 5, omo mita 1, na bahari itakayopanda mita 2: hizo ni mita 8. Zidisha kwa 5, unapata mita 40 za mnyororo. Kama sehemu kubwa ni kamba badala ya mnyororo, zidisha kwa 7. Tafuteni mchanga, kwa ajili ya usalama wenu na kwa ajili ya matumbawe pia, kwani mnyororo unaozunguka juu yake kwa usiku mmoja huvunja kilichochukua miaka mingi kukua. Penye maboya ya kufungia, fungeni kwenye boya. Nanga ikishazama, rudisheni mashua nyuma taratibu kwa injini mpaka iwe imeshika kweli, kisha mmoja azamie kuitazama.

Majira sitayaeleza kwa kirefu. Upande wa Atlantiki na Karibi, msimu wa vimbunga huhesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Kusini mwa Bahari ya Hindi na Pasifiki, miezi ya hatari ni Novemba hadi Aprili. Punguzo la kukodi mashua ndani ya miezi hiyo lisiwavute. Hata katika msimu mzuri, mkiona wingu jeusi limejipanga kama ukuta na mvua chini yake, punguzeni tanga mapema. Upepo wa wingu kama hilo hufika kwa ghafla, na kazi iliyokuwa ya dakika mbili inageuka mapambano.

Sasa maji yasiyo ya chumvi, ambayo ndiyo yaliyokaribia kutugombanisha. Tangi letu lilikuwa la lita 400. Gawanya kwa watu sita na siku saba, ni lita 9 na nusu kwa mtu kwa siku, kwa kila kitu: kupika, kuosha vyombo, kuoga. Siku ya pili mmoja wetu alioga kama anavyooga nyumbani, na minong'ono ikaanza. Hakuwa na kosa. Hakuna aliyemweleza hesabu. Ogeni baharini, kisha jisuuzeni kwa lita moja ya maji ya tangini kwenye chupa yenye matundu kifunikoni. Maji ya kunywa yawekeni peke yake, nje ya tangi, angalau lita 3 kwa mtu kwa siku, maana jua na upepo hukausha mwili bila wewe kuhisi jasho.

Kulewa bahari kunaweza kumpata mtu yeyote, hata shupavu. Dawa humezwa kabla ya kuondoka, kwa sababu kichefuchefu kikishaanza vidonge havikai tumboni. Muulizeni mfamasia, kwani nyingi huleta usingizi. Anayejisikia vibaya akae juu sitahani atazame upeo wa macho, na apewe usukani kama anaweza. Kumpeleka chini akalale mara nyingi humzidishia, hasa akijaribu kusoma.

Jua nalo lina adabu yake. Mikono mirefu na kofia yenye kamba vinashinda mafuta ya kujikinga na jua. Mkipaka mafuta, chagueni yenye oksidi ya zinki: Palau mwaka 2020 na Hawaii mwaka 2021 zilianza kupiga marufuku mafuta yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati ili kulinda matumbawe. Na ukikwaruzwa na tumbawe, hata kidogo, safisha kidonda mara hiyo hiyo, kwani kwenye joto huoza haraka.

Kuna mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia. Begi liwe laini la kukunjika, kwani sanduku gumu halina pa kukaa. Makatoni ya vyakula yaachwe gatini, mende hupenda kutaga humo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujikusanya chini kabisa ya mashua, kwa hiyo fungeni kwenye mtungi kila mnapomaliza kupika. Watu wawili zaidi ya nahodha wajue kuwasha injini, kutua matanga, na kuita msaada kwa redio ya VHF kwenye chaneli 16. Na siku ya kwanza, bahari ikiwa shwari, tupeni mto majini mjaribu kurudi kuuchukua. Jaribio hilo litawaonyesha jinsi kichwa cha mtu kinavyopotea upesi kati ya mawimbi, na hakuna atakayebishana tena kuhusu kuvaa jaketi la kuokolea usiku.

Siku yetu ya mwisho tuliingia ghubani saa nane na nusu mchana. Rafiki yetu ambaye siku ya kwanza hata ngazi ya kushukia majini hakutaka kuikanyaga, alivaa miwani, akazamia kuitazama nanga. Alipoibuka alikaa kimya kidogo akivuta pumzi, huku sisi watano tumeinama ukingoni tukimsubiri. "Imezama mchangani mpaka shingoni," alisema. Tukaandaa chakula jua likiwa bado juu.