Kwa nini shujaa anayesimama peke yake hutushika

Aliyefungua uzi huu ameuliza mambo mawili: kwa nini watu wazima wenye shughuli zao hujitwisha riwaya za kihistoria za kurasa elfu moja, hasa zile ambazo mhusika mkuu husimama peke yake mbele ya mfalme, jeshi au umati, na kama kuzipenda si kuukimbia ukweli tu. Nimezisoma riwaya hizi kwa zaidi ya miaka 25, na jibu langu limebadilika kadiri umri ulivyosogea.

Nilipokuwa na miaka 19 nilimsoma shujaa kwa ajili ya ushindi wake. Nilipenda upanga, farasi, na maneno makali aliyomwambia mkubwa ambaye wengine wote walimwinamia. Riwaya ya Alexandre Dumas kuhusu askari watatu wa mfalme, iliyochapishwa gazetini sehemu kwa sehemu mwaka 1844, niliimaliza kwa siku nne. Baadaye nilisoma kwamba d'Artagnan, kijana shujaa wa riwaya hiyo, alikuwa mtu wa kweli, na kwamba aliuawa mwaka 1673 jeshi la Ufaransa lilipouzingira mji wa Maastricht. Habari hiyo ilinikaa moyoni kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa tangu hapo kila nilipomwona kijana yule akikimbilia hatari nilijua risasi yake inamngoja wapi.

Hapo ndipo ninapoona mvuto wenyewe ulipo. Katika riwaya ya kihistoria, mwisho wa mambo makubwa tunaujua kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza: Napoleon ataingia Moscow, mji utateketea, naye atarudi alikotoka huku jeshi lake likifa njiani kwa baridi na njaa. Hakuna mwandishi anayeweza kutuficha hayo. Tusilolijua ni lile ambalo mtu mmoja wa kubuniwa atalitenda akiwa katikati ya yale yaliyokwisha kupita, na kwa sababu kila kitu kinachomzunguka kimefungwa, uamuzi wake mdogo huonekana waziwazi, kama taa katika chumba chenye giza.

Chukueni sura za vita vya Borodino, kati ya Warusi na jeshi la Napoleon, vya Septemba 1812, katika *Vita na Amani* ya Mrusi Tolstoy. Pierre, mtu mnene asiye askari, anaingia kwenye kilima chenye mizinga akiwa amevaa kofia nyeupe na koti la kijani. Wapiga mizinga wanamkasirikia kwanza, kisha wanamzoea na kumwita bwana wetu. Risasi za mizinga zinapokaribia kwisha, anakimbia kwenda kuleta nyingine. Kombora linapasuka, anaangushwa chini, na akifumbua macho kasha lililokuwa kando yake halipo tena, zimebaki mbao za kijani zilizoungua. Hakubadili chochote katika matokeo ya siku ile. Hata hivyo, nimeisoma sehemu hiyo mara nne, na kila mara nashika pumzi anapoanza kukimbia. Linalonistaajabisha ni kwamba Tolstoy huyo huyo alipinga kwa nguvu zake zote imani kwamba watu mashuhuri ndio wanaoiendesha historia, lakini ndiye aliyetupa watu binafsi walio hai kuliko karibu waandishi wote niliowasoma.

Kuna waliosema hapo juu kwamba mashujaa hawa ni wabinafsi. Neno hilo kwetu lina lawama ndani yake, na kwa baadhi yao lawama inastahili: kuna riwaya nyingi ambazo mhusika huwaacha wenzake wafe, na mwandishi hutaka tumpigie makofi. Vitabu vya aina hiyo siku hizi naviweka chini. Kusimama peke yake ni jambo jingine. Fumo Liyongo wa utenzi, baada ya kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, alipiga magoti karibu na kisima akiwa ameuvuta upinde, akafia hapo, na watu wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Sijui picha nyingine inayoonyesha vizuri zaidi uzito wa mtu mmoja, na upweke wake.

Kuhusu kuukimbia ukweli, mimi nimeona kinyume chake. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika kikao cha kazini ambamo mwenzetu alibebeshwa kosa lisilo lake. Nilikuwa na ushahidi, nikanyamaza, kwa kuwa kila mtu alinyamaza. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nikisoma riwaya ambamo kijana mmoja anakataa kutia sahihi hati ya uongo, na nililazimika kuifunga kwa sababu ya aibu. Niliimalizia baada ya kumwendea yule mwenzangu na kumweleza nililolijua.

Mwenye uzi aliuliza pia aanzie wapi. Ningemshauri aanze na Dumas, kwa kuwa anakwenda mbio, kisha aende kwa Tolstoy bila kuziruka sura za vita. Mimi niliziruka mara ya kwanza, nikakutana na Pierre akiwa tayari mateka wa Wafaransa, nisijue alikuwa amepita wapi.