Ukienda kutembea mbuga ya Neal Smith, usiende kutafuta nyati

Watu wetu wengi hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, wakisikia kuna nyati (wale wa huku, bison) karibu tu na mji wanajaza watoto kwenye gari, wanafika saa saba mchana jua linawaka, wanazunguka wee hawaoni kitu zaidi ya nyasi, wanarudi wanasema pale hamna kitu. Jamani, mmeenda na kichwa cha Serengeti. Sisi tuliokulia Bongo mbuga kwetu ni wanyama, nyasi ni za kujaza picha, sasa pale Neal Smith, karibu na Prairie City, nyasi ndo wenye mji na nyati ni wageni wao.

Na zile nyasi zimepandwa. Zamani sehemu kubwa ya jimbo la Iowa ilikuwa nyasi ndefu, wenyewe wanaita preri, leo haijabaki hata sehemu moja kwa elfu, kote ni mahindi na soya. Hata hapo palikuwa mashamba, kampuni ya umeme ikanunua eneo ikitaka kujenga mtambo wa nyuklia, ikaghairi, mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikalichukua na kuanza kuirudisha mbuga. Mbegu zilitafutwa kwenye vipande vilivyosalimika, pembeni ya reli, kwenye makaburi ya zamani, yaani popote ambapo jembe halikupita. Nyati waliletwa baadaye, 1996.

Kwa hiyo fanya hivi. Paki kwenye kituo cha wageni, shika njia inayoitwa Tallgrass, ni mzunguko wa kama maili mbili, ina lami, kigari cha mtoto kinapita vizuri tu. Kiingilio bure. Halafu punguza mwendo, tena punguza zaidi ya unavyofikiria, maana ukienda kwa kasi ya mazoezi utamaliza mapema na utakuwa umeona rangi ya kijani basi. Mwezi wa nane ile nyasi kubwa ya big bluestem inampita mtu mzima kimo, ukiangalia juu kwenye mbegu zake zimegawanyika mara tatu kama mguu wa bata mzinga, na wenyeji ndo hivyohivyo wanavyoiita. Tafuta na ule mmea wa compass plant, una maua ya njano na majani makubwa yaliyochanika, majani ya chini yanajipanga kingo zake zikielekea kaskazini na kusini, na mzizi wake unaweza kushuka mita nne na zaidi. Watoto waambie watafute vipepeo wa monarch kwenye maua ya milkweed, watatulia muda mrefu kuliko ukiwapa simu.

Muda mzuri kwangu ni asubuhi mapema kuanzia mwisho wa Julai mpaka Septemba. Masika (namaanisha ya huku, Machi na Aprili) unaweza kukuta vipande vimeungua vyeusi tii ukadhani kuna ajali, hapana, wanachoma kwa makusudi ili miti isivamie na nyasi zichipue na nguvu, wafugaji wetu nyumbani hili wanalijua siku nyingi. Mimi ningekwambia nenda hata wakati huo, halafu rudi Agosti upite palepale, ndo utaelewa ile mizizi inafanya kazi gani.

Nyati wenyewe wako ndani ya uzio wao pamoja na elk (kulungu wakubwa wa huku), kuna barabara ya gari inapita humo na sheria ni kwamba hushuki. Naomba tuheshimiane kwenye hili, dume linaweza kufika kilo 900 na linakimbia kuliko Usain Bolt, selfi haina thamani hiyo. Piteni hapo mkimaliza kutembea, mkiwaona sawa, msipowaona mshatembea tayari.

Kivuli sahau. Kofia, maji ya kutosha kila mtu na chupa yake, na ukisikia radi rudi kwenye gari maana pale wewe ndo kitu kirefu. Usichume kitu, hata mbegu, hairuhusiwi, na hapa nawasema zaidi wamama zetu waliokuja kutembelea wajukuu, wakiona jani laini tu tayari wanauliza kama ni mboga. Kwanza kuna mmea una maua ya njano yamekaa kama mwavuli, wild parsnip, utomvu wake ukikugusa halafu jua likapiga unatoka malengelenge.

Ila adui mkubwa ni kupe, na wa huku wengine wanaambukiza ugonjwa wa Lyme. Vaa suruali ndefu hata kama joto linakera, ichomeke kwenye soksi (utachekesha, vumilia), pulizia dawa ya wadudu, tembea katikati ya njia. Mkifika nyumbani nguo zianzie kwenye draya (mashine ya kukaushia), joto la juu dakika kumi, ndo mfue, kwa sababu kupe anaweza kupona kwenye kufuliwa lakini ule ukavu wa moto haumwachi. Watoto wakague nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti na kwenye nywele, na ukimkuta ameshang'ata mshike na kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja, usimpake mafuta wala kumchoma na kiberiti.