Unayeanza kuchora katuni, mkalie Aragonés

Ndugu yangu unayeanza, kabla hujazunguka na bahasha kutafuta gazeti, zitafute kazi za mchora katuni Sergio Aragonés uzichunguze. Alizaliwa Hispania mwaka 1937, akakulia Mexico, akasomea usanifu majengo, na huko huko akajifunza uigizaji bubu kwa Alejandro Jodorowsky. Somo hilo la pili ndilo lililomlisha. Alipofika New York mwaka 1962, Kiingereza kilimpiga chenga, ila michoro yake haikuhitaji mkalimani. Mwaka uliofuata alikuwa ndani ya Mad, jarida la vichekesho la Marekani.

Nafasi aliyoipata humo ndiyo ninayotaka uitazame. Alichukua ule ukanda mweupe wa pembezoni mwa kurasa, akaujaza vikatuni vidogo visivyo na neno hata moja, akaendelea hivyo kwa miongo kadhaa. Kwangu mimi, hakuna shule ya uchoraji inayofundisha zaidi ya ukanda ule, kwa sababu pale hakuna pa kuficha udhaifu.

Jaribu hivi. Chora majirani wawili wanapeana mikono kwa tabasamu, halafu ukutani vivuli vyao vinakabana koo. Aragonés aliitumia sana mbinu hii ya vivuli. Muoneshe mama muuza vitumbua, muoneshe na mwanawe. Wakicheka kabla hujafungua mdomo, mchoro umeiva. Ukilazimika kuwaeleza, rudi mezani uangalie mikono, mabega na magoti. Wengi wenu mnachora nyuso nzuri sana, kisha miili mnaiacha imesimama kama milingoti.

La hakimiliki usilipuuze. Groo, yule shujaa wake mpumbavu mwenye panga mbili, alikaa kabatini miaka mingi kwa kuwa wachapishaji walitaka mhusika awe mali yao. Alitoka mwaka 1982, Mark Evanier akisaidia maandishi. Kampuni ya kwanza kumpa jarida lake mwenyewe, Pacific, ilipoanguka, Groo hakuanguka nayo: alihamia kwingine, na kampuni ya Marvel peke yao wakachapa matoleo 120, bado akiwa mali ya aliyemchora.

Kwa hiyo mkataba ukiletwa, soma kipengele cha umiliki kabla ya kile cha malipo. Uza haki ya kuchapa, na muda wake uandikwe. Mchapishaji aking'ang'ania mhusika, mpe katuni nyingine, huyo baki naye.